Paka wa Mama Mkwe

Waliosoma juma lililopita wanajua sukari ilikwenda wapi. Wasiosoma wasogee karibu niwaambie upesi, maana aibu za Fadhul haziwezi kusubiri.

Fadhul ni yule mwenye duka pale Arua, duka alilogawiwa Wahindi walipoondoka. Wenzake waliogawiwa maduka walitafuta sabuni, chumvi na vitenge, wakanenepa, wakaitwa mafuta mingi, matajiri wapya. Yeye alikuta chumba cha nyuma kina gurudumu la kufinyangia vyungu na sanduku la chaki za rangi, vitu alivyoviacha mke wa mwenye duka, mama aliyekuwa akijifurahisha navyo jioni. Basi. Fadhul akasahau kwamba kuna kitu kinaitwa biashara. Akajitangaza fundi. Fundi wa nini? Wa kupiga gurudumu teke na kuchora wanyama wa watu.

Vyungu vyake vilipasuka motoni kama bisi. Wanawake wa kijiji cha Aroi, ambao kufinyanga ni kazi yao tangu bibi zao, walikuja kumtazama mwanamume mzima ameketi na udongo katikati ya magoti, wakacheka hadi wakashikana mabega. Picha nazo? Alimchora mbwa wa kapteni mmoja wa kambini. Chaki ile hutoka vumbi ukiigusa, kwa hiyo bwana akili nyingi akayeyusha sukari katika maji, akaipuliza juu ya picha ili rangi ishike. Sukari ya sikukuu ya Idi! Sukari ambayo mkewe Hawah aliipangia foleni tangu alfajiri. Sisimizi wakaja kwa jamaa na ukoo, wakala uso wote wa mbwa wa kapteni.

Kapteni alitaka kujua pua ya mbwa wake iko wapi. Hawah alitaka kujua sukari yake iko wapi. Kapteni alimpiga Fadhul makofi, akaenda zake. Hawah hakumpiga. Alifunga nguo zake, akapanda lori la Koboko, akarudi kwao.

Sasa ni Ijumaa, na Fadhul yuko safarini kumrudisha.

Masharti ya kumrudisha mke hayakuwa magumu. Juma lililotangulia alikwenda peke yake, na baba mkwe wake, Hajji Umaru, mzee aliyepigana Burma na asiyependa kelele tena, alimwambia aje na mtu mzima, akae chini, aseme kosa lake kwa kinywa chake mwenyewe. Akilisema vizuri, mke huyu hapa. Ulimi tu ulihitajika. Hata mtu mwenye akili za kuazima angeweza.

Mtu mzima aliyempata ni Mzee Kamisi, rafiki wa marehemu baba yake. Walikaa pamoja juu ya magunia ndani ya lori, na katikati yao palikuwa na mzigo mpana, bapa, uliofungwa kwa shuka.

"Hii kitu umefunga kwa shuka iko nini?" Mzee Kamisi akauliza.

"Zawadi, baba."

"Zawadi iko sukari. Zawadi iko kitenge. Hii naona kama mulango ya choo."

"Utaona kule kule."

"Ya Fadhul, mimi nakuja kutoa wewe kwa taabu. Hapana tia mimi kwa taabu ingine."

Fadhul alitabasamu, akatazama barabara. Alimdharau mzee wake kimya kimya, kama alivyowadharau wanawake wa Aroi, kama alivyomdharau kapteni asiyejua sanaa. Maneno ya kuomba radhi kila mtu anayo, alijiambia. Mlevi anayo, mwizi anayo. Yeye angekwenda na kazi ya mikono yake. Hajji akiiona tu, ataelewa kwamba ile sukari haikupotea, ilikuwa karo ya shule.

Na alikuwa ameshalifikiria jambo hilo pande zote. Hajji alilalamika kwamba mtu anachora mbwa, mnyama najisi, halafu anamtundika ndani ya nyumba ya Waislamu. Vizuri. Safari hii hakuchora mbwa. Alichora paka, mnyama msafi, anayeingia hata msikitini. Tena si paka wa njiani, ni paka wa mama mkwe wake. Nani angepata la kusema?

Sikio la kufa halisikii dawa.

Walipofika Koboko na kukaribia boma la Hajji, sauti ya kwanza waliyoisikia ilikuwa ya mama mkwe huyo, Kaltumu, akiita kwa nguvu karibu na ua wa mabua.

"Aliomba-Moto! We Aliomba-Moto! Kuja kula kichwa ya samaki, mwizi wewe!"

Mzee Kamisi akakohoa ili asicheke. Fadhul hakusikia kitu cha kuchekesha. Kwake lilikuwa jina la paka tu.

Nyinyi wa mbali sharti mwelezwe. Boma la Hajji lina nyumba mbili zinazotazamana, na katikati ua wa mabua. Nyumba moja ni ya Kaltumu, mke mkubwa. Nyingine ni ya Zulaika, mke mdogo. Kabla hajawa mke mdogo, Zulaika alikuwa jirani. Kila asubuhi alikuja kwa Kaltumu na kigae mkononi, kuomba makaa ya kuwashia moto wake. Akaomba, akaomba, hata siku moja akachukua makaa pamoja na mwenye nyumba.

Kaltumu hakupigana. Hakutukana. Alitafuta mtoto wa paka, akampa jina Aliomba-Moto, na tangu siku hiyo akawa anamwita asubuhi, mchana na jioni, daima upande wa ua.

Ndiyo desturi ya huku. Neno usiloweza kumwambia mtu, unampa mnyama alibebe. Ukipita vijijini utasikia mbwa anaitwa Watachoka, mbuzi anaitwa Hawana-Haya, na jirani anayeguswa anainama na kuendelea kupalilia. Atafanya nini? Jina la mnyama halina kesi. Limetoka kinywani, limekwenda na upepo. Zulaika alikwisha kulipeleka kwa wazee, nao wakamuuliza, "Wewe iko paka?" Akarudi nyumbani na machozi yake.

Hayo kila mtoto wa Koboko anayajua. Fadhul alimwoa binti wa boma lile, alikula wali wake, na hakuwahi kuuliza kwa nini paka ana jina refu kama la askofu. Masikio yake yalikuwa yamekodiwa na sifa tu, na sifa zenyewe zilikuwa hazijaja.

Barazani mambo yalikuwa yameandaliwa. Hajji kwenye kiti chake cha turubai, wazee wawili wa jamaa kwenye mkeka, Kaltumu mlangoni na mtandio usoni kama inavyompasa mama mbele ya mkwe. Zulaika naye alivuka ua na kigoda chake, akakaa pembeni. Hakualikwa, lakini kesi ya ndoa ni kama ngoma, haina kadi.

Na nyuma ya Kaltumu, ndani ya mlango, Fadhul aliuona mfurushi wa nguo za Hawah. Umeshafungwa. Moyo ukamruka. Hawah alikuwa amejiandaa kurudi. Alimpenda mpumbavu yule, msiniulize kwa nini.

Kabla ya salamu kumalizika, Fadhul akatoa katika kikapu chake zawadi ya kwanza. Ilikuwa jabana, birika ya udongo ya kupikia kahawa, aliyoifinyanga juu ya gurudumu lake. Ilikuwa na shingo nyembamba na tumbo la mviringo, laini kama yai.

"Mama apike kahawa na hii," alisema. "Mutaona tofauti."

"Tuko na jabana yetu," Hajji akasema.

"Ile ya wanawake, baba. Imekaa upande. Hii iko ya gurudumu."

Hajji akapumua. Kaltumu akaipokea, akaitia maji na kahawa, akaiweka juu ya makaa pale pale barazani.

Mzee Kamisi akafungua mazungumzo, akamsifu Mungu, akawasifu wenye boma, akamgeukia Fadhul. "Sema sasa. Sema kidogo."

Na Fadhul akasema. Sitaki kumwibia mtu haki yake, alisema vizuri.

"Baba, nimekosa. Sukari ilikuwa ya nyumba, mimi nafanya dawa ya picha. Hawah nalia mbele yangu, mimi nasema angoje rangi ikauke. Ile ilikuwa ubaya. Naomba kwako, naomba kwa mama, naomba kwa yeye."

Mzee mmoja akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Hajji akaweka tasbihi juu ya goti.

"Basi," akasema. "Mutu akisema hivi, kosa imekwisha. Hawah! Chukua vitu yako, mwanangu, mume wako iko hapa."

Hapo, msomaji, mtu mwenye bahati angefumba kinywa na kuinuka. Hawah alikuwa ameshainama kushika mfurushi.

Pah!

Jabana ilipasuka. Tumbo lile la yai liligawanyika, kahawa ikazima makaa, majivu yakaruka yakatua kwenye kanzu nyeupe ya Hajji. Wazee wakaruka kutoka mkekani.

Zulaika alicheka kwanza. "Wallahi, hata chungu imekataa kukaa na yeye!"

Halafu wakacheka wote. Mzee Kamisi akacheka, Hajji akacheka huku akikung'uta kanzu, na kutoka ndani ya nyumba Fadhul akasikia kicheko cha Hawah mwenyewe. Kilikuwa kicheko chema, cha mtu anayerudi nyumbani kwake. Fadhul hakukisikia hivyo. Alisikia wanawake wa Aroi.

"Moto yenu ndiyo mbaya!" akafoka. "Ngojeni. Ngojeni muone kitu."

"Fadhul," Mzee Kamisi akasema. "Wacha."

Lakini alikuwa ameshavuta shuka.

Na hapa lazima niseme ukweli, ingawa unanikera. Picha ilikuwa nzuri. Baada ya vyungu vyote vile na mbwa wote wale, mkono wa Fadhul ulikuwa umefanya jambo moja sawasawa. Paka alilala juu ya ubao kwa rangi ya kahawia na ya njano, mkia umezunguka miguu, jicho moja limefumbwa na jingine linakutazama kwa dharau. Sikio la kushoto lilikuwa limechanika, kama la paka mwenyewe. Rangi ilishika vizuri, maana safari hii aliipulizia maziwa. Sisimizi hawakuja.

Kama angeishia hapo! Lakini chini ya paka, kwa herufi kubwa nyekundu zenye kivuli cheusi, kama zile za mabango ya maduka, aliandika: ALIOMBA-MOTO.

Mzee mmoja wa mkekani alijua kusoma. Akasogeza uso. "A-li-o-mba... mo-to."

Kicheko kikakatika kwa wote mara moja. Mzee Kamisi akafumba macho. "Ya Rabbi," akasema.

Zulaika akainuka polepole kutoka kwenye kigoda chake.

"Soma tena."

Mzee akatazama chini.

"Nasema soma tena, ami. Iko kwa maandiko?"

"Iko," mzee akakubali.

"Basi leo iko kesi." Zulaika akaweka mikono kiunoni. "Siku ile munaniambia mimi, maneno ya paka naenda na upepo. Munaniuliza kama mimi iko paka. Sawa. Hii ubao iko paka? Hii nakula samaki? Hii natembea? Hii mutu ameandika, na imesimama hapa. Upepo ipeleke tuone!"

Wazee wakatazamana. Hawakupenda, lakini walikuwa watu wa haki, na mwanamke alikuwa na hoja. Jina lililoitwa limekwisha. Jina lililoandikwa lipo, na lililopo lina mwenyewe.

"Ubao hapana paka," mmoja akasema kwa masikitiko. "Ile kweli."

Hajji Umaru alifuta jasho. Burma alitoka salama, lakini Burma hakukuwa na wake wawili. Na wote waliokuwa pale walijua alichokiapa zamani ili Zulaika anyamaze. Alisema kwamba siku tusi hilo likipata ushahidi, mwenye kulitoa atarudi kwa ndugu zake. Aliapa akijua ushahidi hautapatikana.

"Fadhul," akasema. "Hii maneno, nani naambia wewe uandike?"

Fadhul akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza siku ile akaogopa. Mzee Kamisi akamvuta shati, akamnong'oneza kwa hasira.

"Sikia, punda. Ukisema iko jina ya paka ya Kaltumu, mama ya mke wako anafukuzwa hapa leo. Ukisema ulitoa kwa kichwa yako, umetukana bibi ya mukwe wako mbele yake. Kila upande Hawah amepotea. Mimi nalikuambia ulete sukari!"

Fadhul akageuka mlangoni. Hawah alikuwa amesimama pale, mfurushi mkononi. Hakuwa anacheka tena. Uso wake ulimwuliza jambo moja tu, kama wanakwenda au hawaendi.

Aliyewaokoa alikuwa Kaltumu mwenyewe. Au tuseme, alijaribu.

Alitoka mlangoni, mtandio umeshikwa kwa meno, akasimama mbele ya ubao. Akautazama kwa muda. Akainamisha kichwa huku na huku kama mtu anayechagua nyama sokoni.

"Hii hapana paka yangu," akasema.

"Nini?" Zulaika akaruka.

"Paka yangu iko paka. Hii... mimi sijui hii. Iko mbuzi? Iko fisi nalala na njaa?" Akawageukia wazee. "Nyinyi munaona paka hapa?"

Wazee wakaona njia imefunguka, wakaikimbilia kwa furaha ya mbuzi waliofunguliwa zizi.

"Miguu iko kama ya kuku," mmoja akasema.

"Mimi nadhani iko mutu mugonjwa," mwingine akaongeza.

Hajji akakaa sawa kitini. Sauti yake ikawa laini. "Fadhul, mwanangu. Kama hii si paka ya Kaltumu, basi hii jina si ya Kaltumu. Iko upuuzi tu ya watu ya Arua, na upuuzi haina kesi. Tunavunja ubao, tunapikia wali, wewe nachukua bibi yako. Sema tu. Wewe hapana jua kuchora. Ulitaka kitu moja, ikatoka kitu ingine. Si kweli?"

Neno moja. Ndiyo. Mtoto wa jana angelisema. Watu walikuwa wakimwambia hivyo mwaka mzima, bure, bila kumwomba kibali. Sasa walimwomba alithibitishe yeye, na malipo yalikuwa mke.

Fadhul akatazama kazi yake. Wazee wamesema miguu ya kuku.

"Baba," akaanza, "kweli mimi..."

"Ngoja!" Zulaika alikuwa amepiga magoti mbele ya picha. Sauti yake ilijaa asali, na asali ya mke mdogo ina nyuki ndani. "Ya Fadhul. Hapana uza kazi yako. Mimi naona hii paka kila siku nakojoa kwa mulango yangu, mimi najua yeye. Tazama jicho! Tazama vile nakunja mukia! Sikio yenyewe, ile mbwa ilipasua. Wallahi, nikitupa samaki hapa, ataruka atoke kwa ubao. Koboko yote, Arua yote, nani naweza mukono kama hii? Hakuna."

Akamgeukia, macho yanang'aa.

"Iko yeye ao hapana yeye? Sema wewe, fundi."

Fundi! Hakuna aliyewahi kumwita hivyo bila kucheka. Fadhul akahisi joto likimpanda kifuani hadi masikioni. Alijua, msiseme hakujua. Alijua anavikwa kilemba cha ukoka. Alimwona Kaltumu anatikisa kichwa, alimwona Mzee Kamisi ameuma kidole, aliuona mfurushi. Aliona yote. Kisha akajifunga kile kilemba vizuri, kisimwanguke.

"Ni yeye," akasema.

"Fadhul!" Mzee Kamisi akalia.

"Ni yeye, baba. Siwezi sema uongo. Sikio ya kushoto, tazameni, hata ile nyama nyekundu ya ndani nimeweka. Na hizi sharubu hapana chora na chaki, nakwaruza na sindano. Hii kazi hapana mutu mwingine naweza."

Aliendelea kueleza. Aliwaeleza sharubu! Hajji alikuwa amefumba macho kama mtu anayesikia maumivu ya jino.

"Ulimwona wapi, hata ukajua yote hii?" mzee akauliza, bila kufumbua.

"Ile juma nilikuja kwako, baba. Nilikuwa na karatasi mfukoni."

"Ile siku mimi nasema na wewe? Ile siku mama yake nalia hapa?"

"Ndiyo. Paka alilala pale kwa dirisha. Mwanga ilikuwa nzuri sana."

Zulaika akapiga vigelegele hadi majirani wakachungulia juu ya ua. Kaltumu akakaa chini, juu ya majivu na vigae vya jabana.

Hajji akasimama. Alionekana mzee kuliko asubuhi. "Kesi iko," akasema. "Sikupenda, lakini iko. Kaltumu, baada ya swala ndugu zako naitwa. Na wewe, Fadhul, toka kwa boma yangu. Mutoto ya Kaltumu hapana fuata mutu nafukuzisha mama yake."

"Lakini baba, nilisema kosa langu! Ulikubali!"

"Baba, ngoja."

Alikuwa Hawah. Alitoka mlangoni, akapita karibu na mama yake, akaenda moja kwa moja kwenye picha. Akaiangalia kwa makini, kuanzia mkia mpaka sikio. Fadhul akasahau aibu zote, akangoja.

"Iko nzuri," Hawah akasema. "Mimi siku zote nasema wewe hapana jua. Nalikosa. Hii iko nzuri kabisa."

Mungu anisamehe, Fadhul alitabasamu. Mama mkwe wake yuko majivuni, na yeye alitabasamu.

Hawah akashika ncha za kitambaa chake cha kichwa, akakivuta chini pande zote mbili hadi masikio yakafunikwa, akafunga fundo kidevuni.

"Mimi pia niko na sikio moja ilipasuka," akasema. "Siku ya harusi yetu, herini inanasa kwa koti yako, wewe unavuta bila kutazama. Damu inatoka mpaka kwa nguo. Ile kovu iko mpaka leo. Unakula na mimi, unalala na mimi. Sema sasa, iko sikio gani?"

Fadhul akacheka kidogo. Hakuna aliyecheka naye.

"Ukijua, natoka na wewe sasa hivi, kesi iko, kesi hakuna. Baba hataweza kushika mimi." Akakaza fundo. "Ukikosa, geuza ubao, uandike talaka yangu nyuma yake, na hii maandiko yako nzuri."

Hajji akarudi kitini kwake polepole.

Fadhul akafumba macho ili amchore Hawah kichwani. Akaja paka. Akamsukuma paka, akaja mbwa wa kapteni, mwenye pua na asiye na pua. Akaja kasuku wa karani wa posta na kila unyoya wake wa kijivu. Hawah naye akaja, ndiyo, lakini alikuja kwa mgongo, anabeba maji, anapepeta unga, anaondoka chumbani na taa kwa sababu mume ameambiwa chakula kimepoa na hakugeuka. Akajaribu kumgeuza. Hakugeuka.

Hapo ndipo ilipomwingia, na ilimwingia yote pamoja. Alimtaka mkewe. Alimtaka kuliko sifa, kuliko gurudumu na chaki zote za dunia. Na hakujua sikio lake.

Akafumbua macho, akamtafuta Mzee Kamisi. Mzee alikuwa anaitazama ardhi. Akawatazama wazee, wakaangalia pembeni. Na mwisho akafanya jambo ambalo mkwe mwenye adabu halifanyi, akamtazama mama mkwe wake usoni.

Kaltumu alikuwa bado chini. Mtandio umemtoka mdomoni. Mwanamke aliyemzaa Hawah na kumtoboa masikio kwa mkono wake, ambaye Fadhul alikuwa ametoka kumfukuzisha nyumbani kwake kwa ajili ya sharubu za paka. Macho yao yakakutana. Macho ya mama yalikuwa makavu.

Kisha, polepole, bila mwingine kuona, Kaltumu akainua mkono wenye majivu, akashika sikio lake mwenyewe. La kulia.

Je, anamwokoa binti yake na ndoa yake? Au anamzamisha Fadhul, kama yeye mwenyewe alivyozamishwa?

"Upesi," Hawah akasema.

"La kulia," Fadhul akajibu.

Hawah akapeleka vidole kidevuni, akaanza kufungua fundo.